Somo: Kuandaa kikao cha chama cha heshima bila kuaibika (simba, pilau na maprofesa wastaafu)

Somo hili naliandika mara moja tu. Tangu nifanywe katibu wa shughuli wa wahitimu wenzangu hapa Chicago, haipiti wiki bila ujumbe: "Kaka, ile ya simba mliifanyaje?" Wengi ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliomaliza vyuo huku, wakaalikwa kwenye vyama hivi, na kikao cha kwanza tu wakabebeshwa kamati ya sherehe eti kwa sababu "nyinyi mnajua kupika". Kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia hili.

Kwa asiyejua: chama cha heshima hapa Marekani kwa kawaida hakina fomu ya kuomba kujiunga. Chuo hutazama matokeo yako, kikakualika. Kikongwe chao ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha William & Mary, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kigiriki yenye maana kwamba falsafa ndiyo nahodha wa maisha, na mtu wa Pwani hapo hahitaji tafsiri. Matawi yako vyuoni, lakini wahitimu wanaoishi mji mmoja nao hukusanyika: makumbusho, muziki, mihadhara, vitabu, kula. Chama changu mimi sikitaji, maana humu nitasimulia niliyoyaboronga.

Hatua ya 1. Pata idhini ya kamati na kiasi cha fedha, vyote kwa maandishi.

Hatua ya 2. Tafuta kitu cha kutazama kabla hujafikiria chakula. Kabla yangu walikuwa wakikodi ukumbi, watu wanasimama na glasi mkononi. Nilihudhuria kimoja. Dakika arobaini hazijaisha, madaktari wako dirishani, wanasheria mlangoni, vijana waliohitimu juzi wamejibanza ukutani na simu zao. Kila mtu keshaulizwa "unafanya kazi gani?" mara sita.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, Kenya, jirani na Tsavo. Na hapa Chicago, ndani ya jumba la makumbusho la Field Museum, wamo wale simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898. Nikasema basi, twende kwa jamaa zangu. Tulikuwa watu thelathini na wawili. Tulipofika kwenye kioo, bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa kemia, akainama mpaka miwani ikagusa kioo, akauliza, "Mbona wadogo?" Hapo ndipo kikao kilipoanza. Nikawaeleza kwamba Patterson, yule mhandisi aliyewapiga risasi, alizifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka kama 25, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwakatwa na kuchakaa, kwa hiyo simba unaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Kijana wa historia akauliza waliokufa walikuwa wangapi. Mwanasheria akauliza nani aliyehesabu. Patterson mwenyewe aliandika kwamba vibarua Wahindi wa reli walioliwa hawakupungua 28, na kwamba Waafrika hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Tulisimama pale zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya kazi gani.

Si lazima simba. Lakini kiwe kitu kimoja, si jumba zima. Ukiwatembeza vyumba kumi utarudi na watu waliochoka miguu.

Hatua ya 3. Tarehe. Jumamosi asubuhi. Epuka siku za bure kwa wakazi wa Illinois, utashindwa hata kukisikia unachosema. Epuka pia siku ambayo pana mechi Soldier Field, ni jirani kabisa na jumba hilo na maegesho utayasikia kwenye redio.

Hatua ya 4. Mwaliko uwe mistari mitano: nini, wapi, saa ngapi, bei, mwisho wa kuthibitisha.

Hatua ya 5. Hesabu ya watu. Mmarekani akisema "nitajaribu", haji. Mkenya akisema "niko njiani", yuko bafuni. Panga kwa waliolipa.

Hatua ya 6. Chakula. Soma hapa polepole.

Kikao changu cha kwanza cha chakula kilikuwa Februari, nje theluji, ndani nimewasha majiko mawili. Nilipika pilau sufuria mbili, moja ya ng'ombe na moja ya "mboga". Ya mboga haikuwa na kipande cha nyama hata kimoja. Ila maji ya kuivishia yalikuwa supu ya nyama ile ya sufuria ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: supu haimwagwi. Kichwani mwangu, pilau isiyo na nyama ni pilau ya mboga. Nikaandika karatasi kwa mkono wangu, nikaisimamisha mbele ya hotipoti. Akaja profesa mmoja mstaafu wa falsafa, mzee mpole ambaye nyama aliacha tangu ujana wake. Akala sahani moja. Akarudi. Akaja kunishika mkono akitaka kujua siri ya ile ladha. Nami, kifua mbele, nikamwambia: supu ya mifupa.

Aliweka uma juu ya sahani, akaulaza sambamba na kisu, akanishukuru, akaenda kuchukua koti lake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimwandikia barua ya kuomba radhi, akajibu kwa adabu zote, na hakuonekana tena mpaka mwaka uliofuata. Alipokuja, alikuja na kibakuli chake chenye mfuniko.

Kwa hiyo:

Uliza kwenye mwaliko wenyewe nani hali nini. Usisubiri mezani. Nyama, nguruwe, halali, kosher (ya Wayahudi), maziwa, karanga, korosho, ufuta.

Cha wasiokula nyama kipikwe cha kwanza, jiko likiwa safi, na mwiko wake. Ukianza na nyama, mkono utakuponza.

Karatasi iandikwe kilichoingia sufuriani, si jina la chakula. "Pilau ya mboga" haimwambii mtu kitu. "Mchele, vitunguu, viazi, mafuta ya alizeti, bizari, karafuu, iliki, mdalasini, maji" inamwambia. Samli iandike. Nazi iandike.

Ukisema nyama ni halali, uwe umeinunua kwa bucha wa halali na unaweza kumtaja. Mimi huenda Devon Avenue, bucha hazikosi.

Na neno "kidogo tu" lisitoke mdomoni mwako. Mwenye mzio wa karanga hazihitajiki nyingi kumuua.

Wengine wakitaka kuchanga vyakula, sheria ni hiyo hiyo: asiyeandika viungo, chakula chake kinabaki kwenye mfuko wake. Nimeshawahi kurudisha keki ya mwenyekiti. Na usithubutu kuingiza hotipoti makumbusho. Sisi hula baadaye, kwenye ukumbi wa ghorofa anamoishi mwanachama mmoja.

Hatua ya 7. Vibandiko vya majina. Jina la kwanza, herufi kubwa, basi. Hakuna Dkt., hakuna Prof. Cheo kikishabandikwa kifuani, kijana wa miaka 22 hatauliza swali.

Hatua ya 8. Hotuba. Dakika tatu, mtu mmoja. Najua kwetu hadi mgeni rasmi amkaribishe mgeni rasmi mwenzake, halafu "itifaki imezingatiwa" baada ya kuivunja kwa robo saa. Huku wataanza kuvaa makoti.

Hatua ya 9. Waoshaji vyombo watajwe kabla ya kula.

---

MASWALI

Kijana_wa_Eldoret: Nimepitia haraka haraka. Fomu ya kujiunga iko wapi? Nina wastani wa 3.9 kati ya 4.

Mwandishi: Aya ya pili.

Kijana_wa_Eldoret: Sawa nimeona, samahani. Ila mimi nimealikwa kwa barua pepe na wanataka nilipe. Nitajuaje si utapeli?

Mwandishi: Hilo sasa ni swali. Ada ya kujiunga peke yake si dalili ya wizi, vyama vingi halali hutoza. Nenda ofisi ya mkuu wa kitivo chako, uliza mambo mawili: chama hiki kina tawi hapa chuoni, na mwalimu gani anakisimamia? Ukitajiwa mtu, nenda kamwone. Wakitazamana tu, futa hiyo barua. Vingine ni biashara ya vyeti na jina la kupendeza. Na hongera kwa hiyo 3.9.

Jicho_la_Tatu: Mbona mnazunguka. Herufi za Kigiriki, ufunguo, salamu za mkono. Hii ni Freemason, semeni ukweli.

Mwandishi: Tunakula wali saa saba mchana mbele ya dirisha lisilo na pazia.

Jicho_la_Tatu: Hujajibu ufunguo.

Mwandishi: Haya. Phi Beta Kappa kweli ilianza kama chama cha siri, na salamu ya mkono ilikuwepo. Siri hiyo iliwekwa wazi mwaka 1831, wakati Wamarekani wenyewe walipokuwa wamechachamaa dhidi ya Freemason. Ufunguo, yaani ile nembo wanayovaa wanachama, ulianza kama medali ya mraba. Baadaye ikaongezwa shina la kutilia ufunguo saa za mfukoni. Walikuwa wanatia saa ufunguo, ndugu yangu. Usinirudishe hapa tena.

Mwalimu_wa_Voi: Shikamoo kaka, au nikuite mdogo wangu, sijui. Nafundisha huku huku kwenu. Nina maswali mawili. Wale simba kwa nini hawana manyoya shingoni ilhali ni madume? Na hii idadi ya watu 135 waliouawa tunayowasomesha watoto ni kweli?

Mwandishi: Marahaba, ingawa pengine mimi ndiye wa kukuamkia! Mwalimu, nimefurahi. Madume wengi wa Tsavo wana manyoya haba au hawana kabisa. Watafiti wengi wanalihusisha na joto la kwetu, na wengine hutaja miiba ya porini. Nitakuambia jambo ambalo watoto watalipenda: mmoja wa wale wawili alikuwa na jino bovu sana, lenye jipu kwenye mzizi. Fikiria kumkamata nyati na jino linauma. Binadamu ni laini.

135 ni hesabu ya Patterson mwenyewe baadaye. Mwaka 2009 watafiti walipima kemia ya mifupa na manyoya ya simba hao, maana anachokula mnyama hubaki mwilini mwake, wakakadiria kama watu 35 kwa wote wawili. Lakini hesabu hiyo ni ya walioliwa. Simba anaweza kuua asile. Waambie watoto wakae na tofauti hiyo.

Mwalimu_wa_Voi: Ahsante sana. Nina klabu ya wanafunzi kumi na wawili wanaofanya vizuri. Nilikuwa nawaza kuwafanyia kikao kama chenu, ila ngozi ziko kwenu.

Mwandishi: Ngozi ziko huku, lakini mto uko kwako, na reli iko kwako. Wapeleke Tsavo, kila mmoja apewe swali moja la kumuuliza mzee wa pale, na wale mihogo kando ya mto mbali na mamba. Mimi ningebadilishana nawe leo hii. Wakishazoea, wapeleke Fort Jesus, ngome ya tangu 1593. Achana na historia yote, wachague mzinga mmoja tu wauulize maswali.

Bint_Pwani: Mie napinga hatua ya sita. Pilau bila supu haina rangi, haina ladha, ni wali wa hospitali.

Mwandishi: Bi mkubwa, rangi ni ya vitunguu.

Bint_Pwani: Basi sema hivyo! Kaanga mpaka vifike rangi ya tende, si ya dhahabu, ya tende. Halafu nyunyiza maji kidogo kidogo, vitunguu vilainike vitoe rangi yote. Bizari ikaangwe kavu kwanza. Tia viazi vile vikubwa, vinakunywa viungo.

Mwandishi: Naongeza hili kwenye somo. Ya viazi nilikuwa sijui.

Theluji_Tupu: Naandaa ya watu 40 Januari, Minneapolis. Makoti niweke wapi?

Mwandishi: Kitandani, chumba cha ndani, na kila koti lifungwe karatasi yenye namba, nusu abaki nayo mwenyewe. Yote ni meusi, yote ni marefu. Mimi niliwahi kurudi nyumbani na miwani ya mtu mfukoni.

Theluji_Tupu: Na mchele kiasi gani?

Mwandishi: Kuna vyakula vingine au pilau peke yake?

Theluji_Tupu: Kuna sambusa na kachumbari, na mtu ameahidi kuku.

Mwandishi: "Ameahidi" au amelipa?

Theluji_Tupu: Ameahidi.

Bint_Pwani: Kilo tano basi. Kuku akija, nne zingetosha. Na ukoko usimpe mgeni, uwawekee waoshaji vyombo.