Kabla hujaagiza rili ya kuvulia ng'ambo: hesabu ya ushuru mpaka Mombasa

Juzi kijana mmoja anayevua kolekole pale Nyali alinijia dukani na simu mkononi. "Ami, rili hii hapa ni dola 89. Yako elfu kumi na nane. Kwani vipi?" Swali la haki. Nikachukua kasha tupu la ndoana, nikaligeuza, tukapiga hesabu pamoja. Tulipofika chini, rili yake ilikuwa imeipita yangu kwa bei, na bado iko Marekani.

Nimeandika hatua zilezile hapa, kwa anayetaka kuagiza kitu kimoja na kwa wale wanaochangishana watu watano sita wakaleta boksi. Viwango ni vya Kenya. Tanzania na Uganda VAT ni 18%, na tozo nyingine zina majina yake, lakini njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Geuza rili usome mguu wake

Jina la kampuni halikwambii kitu kimetoka wapi. Shimano ni ya Sakai, Japani, tangu 1921, lakini rili zake nyingi zinatoka Malaysia. Daiwa wana viwanda Thailand na Vietnam. Penn ilianzia Philadelphia mwaka 1932, na leo rili zake nyingi zimepigwa mhuri wa China. Mustad, ndoana za Norway ambazo babu zetu walizifunga kwenye mishipi, nazo zilishahamishia kazi kubwa Asia. Rodi, zile fimbo za kuvulia, ndizo zaidi: mji wa Weihai, mkoa wa Shandong, unatengeneza rodi za majina chungu nzima, na ukizivua nembo hutajua ipi ni ipi.

Mhuri wa nchi huwa chini ya mguu wa rili, pale inaposhika rodi, au kwenye kitako cha rodi juu ya mpini. Kwenye picha za mtandaoni sehemu hiyo hufichwa mara nyingi. Muulize muuzaji akupigie picha yake. Ukiona imeandikwa kwamba imebuniwa nchi fulani, kubuniwa si kutengenezwa.

Sisemi cha China ni kibaya. Nina rili ya China ya mwaka wa sita inayokula maji ya chumvi bila neno. Nataka tu ujue kilikotoka, kwa sababu hatua inayofuata inategemea hilo.

Hatua ya 2: Angalia kitu kimepita mlango wa nani

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa.

Kwetu ushuru wa forodha unafuata aina ya bidhaa. Rili ya Japani, ya China na ya Marekani zote zinaingia Mombasa kwa kiwango kimoja cha Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki. Nafuu ipo kwa vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na huko sijaona kiwanda cha rili. Marekani mambo ni mengine. Wao ushuru wao unaangalia pia nchi kitu kilikotengenezwa. Bidhaa nyingi za China ziliongezewa ushuru kuanzia 2018, na 2025 wakaongeza tena, kwa China na kwa nchi nyingine nyingi. Hata kile kifurushi kidogo cha chini ya dola 800 kilichokuwa kikiingia kwao bure, msamaha wake uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025.

Sasa wewe wa Mombasa yanakuhusu nini? Chukua mfano. Rili imetoka kiwandani Asia, imeingia Marekani kwa dola 40. Tuseme ushuru wao ni 20%. Imeshakuwa 48. Mwenye duka anapandisha maradufu, anauza 96. Bila ushuru ule angeuza 80. Tofauti ni dola 16 tayari, wakati ushuru wenyewe ulikuwa 8. Sasa kitu kinafika kwetu, forodha inatoza juu ya ile 96, maana ndiyo bei uliyolipa. Kwa hesabu ya hatua ya 4, zile 16 zinakuwa karibu 24. Ushuru wa dola 8 umezaa 24, na umelipia milango miwili kwa kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuuona ule wa Marekani.

Juu ya hapo, Marekani wana kodi maalumu ya vifaa vya uvuvi tangu sheria ya 1950, kwa kawaida 10%, inayolipwa na mtengenezaji au muagizaji na kufichwa ndani ya bei. Fedha hizo zinaenda kutunza samaki wao. Kazi nzuri, ila sioni kwa nini mvuvi wa Nyali aichangie.

Kwa hiyo kama kitu ni cha Asia, kilete kutoka Asia, au kupitia Dubai. Dubai ushuru wa kawaida ni 5%, na mzigo unaotoka eneo huru la Jebel Ali kuja kwetu haujaulipa. Duka la mtaani, kama pale Deira, ni tofauti kidogo, pale 5% imeshaingia kwenye bei pamoja na VAT yao ya 5%. Bado ni nafuu. Marekani iachie vile vitu vinavyotengenezwa kwao kweli.

Hatua ya 3: Tafuta msimbo mwenyewe, usimwachie wakala

Kila bidhaa ina msimbo wa HS, yaani namba ambayo forodha huitumia kuitambua. Vya kwetu vingi viko 9507: rodi ni 9507.10, ndoana 9507.20, rili 9507.30, na vinavyobaki kama rapala (chambo cha bandia) na vyavu vidogo vya kuopolea samaki ni 9507.90. Nyavu za kuvulia zenyewe ni 5608.11.

Mshipi mtupu una visa vyake. Nailoni ya uzi mmoja iliyozungushwa kwenye roli, ambayo haijafungwa ndoana, inahesabiwa kama uzi, 5404. Lakini ukipita unene wa milimita 1, ule mzito wa kufungia sulisuli na papa, unatoka kwenye nyuzi unaingia kwenye plastiki, 3916. Ukiagiza unene tofauti, omba ankara izitenge.

Na tahadhari: mshipi wa uzi mmoja ni halali, nyavu ya uzi mmoja ni marufuku. Zile ambazo wenzetu wa Ziwa Victoria wanaziita timba. Usidanganyike na bei yake.

Mwaka mmoja niliagiza rodi, muuzaji akaandika kwenye ankara "vifaa vya michezo" tu. Wakala wangu wa wakati ule hakufungua hata boksi, akaziingiza kwenye 9506 pamoja na mipira na raketi. Forodha wakauliza, mzigo ukalala, ghala likahesabu siku zake. Tangu hapo ankara yangu ina msimbo kwenye kila mstari, na kando yake neno moja la kueleza kitu ni nini.

Kiwango cha ushuru cha kila msimbo kisome kwenye kitabu cha Ushuru wa Pamoja, kinapatikana bure kwenye tovuti ya Jumuiya. Tangu Julai 2022 kuna mikondo minne: 0, 10, 25 na 35%. Kila mwisho wa Juni gazeti la Jumuiya linatoka na mabadiliko, na Kenya huomba viwango vyake kwa baadhi ya vitu, kwa hiyo karatasi ya mwaka jana usiitegemee.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Anza na CIF, yaani bei ya bidhaa, bima na nauli mpaka bandarini. Tuseme rili 20 zimefika Mombasa kwa CIF ya shilingi 130,000, na msimbo umeangukia mkondo wa 25%.

Ushuru wa forodha, 25% ya 130,000: 32,500
VAT, 16% ya CIF pamoja na ushuru (162,500): 26,000
Ada ya tamko la uagizaji, 2.5% ya CIF: 3,250
Tozo ya reli, 2% ya CIF: 2,600
Jumla: 64,350

Hiyo ni 49.5% ya CIF, au shilingi 3,217 na senti kwa kila rili. Ungekuwa mkondo wa 10%, jumla ingekuwa 41,730. Ndiyo maana msimbo unautafuta kabla ya kulipa. Tozo ya reli ilikuwa 1.5%, ikapanda Desemba 2024, kwa hiyo kikokotoo cha zamani ulichohifadhi kwenye simu kitakupunja.

Mzigo wa ndege una nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004, nyongeza ya nne, inasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani inayotozwa ushuru wa forodha. Angalia karatasi yako kama imeongezwa, na uulize.

Rudi kwa kijana wa Nyali. Dola 89, kodi 49.5% ni 44, nauli ya ndege 20. Dola 153, kwa shilingi 130 kila dola, ni shilingi 19,890, bila ada ya kampuni ya vifurushi. Alicheka akachukua ya elfu kumi na nane.

Hatua ya 5: Pima urefu, si uzito

Rodi ni nyepesi, lakini vifurushi vya ndege hutozwa kwa nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Rodi ya kipande kimoja kwenye mrija wa 210 × 10 × 10 inalipiwa kilo 4.2, ingawa kwenye mizani haifiki kilo moja. Ya vipande viwili, mrija wa sentimita 110, ni kilo 2.2. Ya vipande vinne, mrija wa 60, ni 1.2. Rodi ndefu ziachie kontena la kuchangia. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana, usiagize kabisa, hiyo ni kulipia nauli ya madini ya risasi. Mimina hapa hapa, nje penye upepo, watoto wakiwa mbali.

Hatua ya 6: Karatasi

Muuzaji akikwambia atakuandikia bei ndogo kwenye ankara, kataa. Forodha wana bei za mizigo mingine ya kulinganisha. Kwa mzigo wa biashara uliza mapema kuhusu cheti cha ukaguzi cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambacho hutolewa kabla mzigo haujapakiwa. Na ukiagiza kupitia kontena la kuchangia, dai nakala ya karatasi ya forodha. Wengi wanakutajia bei moja kwa kilo, ukiomba karatasi wanaanza kukohoa.

Hatua ya 7: Agiza vipuri siku hiyo hiyo

Katika rili nyingi, kinachokufa kwanza kwenye chumvi ni beringi ya kiongoza mshipi, kisha washa za breki. Ni vitu vya dola mbili tatu. Ukiviagiza peke yake baadaye, nauli itakuwa mara kumi ya bei. Nikiagiza rili kumi na mbili naomba beringi sita na seti nne za breki ndani ya boksi lile lile, na ninazitaja kwenye ankara. Zangu naziweka kwenye kopo la kahawa lenye mafuta kidogo, na jina la rili nimelibandika kwa plasta kwenye kifuniko.