Namna ya Kuandaa Maombi ya Tuzo ya Mwanafunzi Bora wa Mwaka wa Mwisho katika Sayansi ya Wanyama

Vyuo vikuu vingi vya kilimo nchini Marekani, hasa vile vilivyotokana na sheria ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu ili mapato yake yagharimie ufundishaji wa kilimo na ufundi, vina desturi ya kuwatunuku wanafunzi wachache wa mwaka wa nne kabla ya mahafali. Mahali pengine mhadhiri ndiye anayependekeza jina. Kwingine mwanafunzi hujaza fomu mwenyewe. Mwongozo huu unamlenga huyu wa pili, ingawa hata anayependekezwa na mwingine huombwa taarifa zake, na asipokuwa nazo tayari, mpendekezaji atalazimika kuandika kwa kukisia.

Anza kwa kusoma vigezo vya idara yako neno kwa neno, kwa kuwa tuzo moja inaweza kutazama utafiti na nyingine utumishi katika vilabu. Wastani wa alama, ambao huko hupimwa kwa kipimo cha 4.0, karibu kila mara hutajwa kwanza, na waombaji wengi hudhani ndio utakaowabeba. Alama ni kizingiti tu: asiyekivuka hasomwi, lakini wote walioingia ndani wamekwisha kukivuka, na kuanzia hapo wanapimwa kwa mambo mengine.

Mambo hayo mengine ni kazi, na kazi huonekana kwa kumbukumbu. Mwanafunzi aliyeandika kwamba “alisaidia kutunza ndama” hajamwambia msomaji kitu. Aliyeeleza kwamba alihakikisha kila ndama anapata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, kwa sababu uwezo wa utumbo wa kufyonza kingamwili hupungua upesi na kukoma katika muda wa takriban siku moja, kisha akataja idadi ya ndama aliowahudumia na wangapi waliugua kuhara, huyo ameonyesha kwamba alifanya kazi akijua sababu yake. Kwa hiyo tunza daftari tangu mwaka wa kwanza: tarehe, aina ya mifugo, idadi, ulichokifanya kwa mikono yako na matokeo yake. Ukichelewa hadi mwaka wa nne, rudi kwenye kumbukumbu za shamba la chuo na umwombe msimamizi akuonyeshe za vipindi ulivyofanya kazi. Usijaze mapengo kwa kubuni, kwani wajumbe wa kamati mara nyingi wanalifahamu zizi hilo kuliko wewe.

Mashindano yanastahili maelezo marefu kidogo, maana huelezwa vibaya kuliko jambo lolote jingine. Katika mashindano ya kuamua ubora wa mifugo, mshindani hupewa kundi la wanyama wanne awapange kuanzia bora hadi duni, na mpangilio uliolingana kikamilifu na wa waamuzi hupata pointi 50. Kisha katika baadhi ya makundi husimama kutetea uamuzi wake kwa mdomo, kwa kawaida ndani ya dakika mbili. Yapo pia mashindano ya timu za watu wanne yanayosimamiwa na American Society of Animal Science, chama kilichoanzishwa mwaka 1908, yenye sehemu nne: kazi za vitendo, mtihani wa maandishi, uwasilishaji wa mdomo na chemsha bongo. Usiishie kutaja nafasi mliyoshika. Eleza ulibeba sehemu gani ya timu, ulijiandaaje, na kutetea uamuzi mbele ya mtu anayejua zaidi yako kulikufundisha nini. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyeshika nafasi ya saba na akaweza kueleza kwa nini alimweka fahali fulani chini ana habari nzuri zaidi ya kusimulia kuliko bingwa aliyeorodhesha vikombe.

Kuhusu uongozi, maneno machache yanatosha. Uanachama wa Block and Bridle, klabu ya wanafunzi wa sayansi ya wanyama iliyopo tangu mwaka 1919, au wa Alpha Zeta, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1897, ni jambo la heshima, lakini uanachama wenyewe si kazi. Taja wadhifa pamoja na kile kilichobadilika ulipokuwa nao.

Barua za mapendekezo ziombwe angalau wiki nne kabla ya tarehe ya mwisho. Wanafunzi hupenda kumkimbilia profesa mwenye jina kubwa, ambaye huenda anawakumbuka kwa namba ya kiti tu. Afadhali msimamizi wa zizi la kondoo aliyekesha nawe msimu wa kuzaa, pamoja na mhadhiri mmoja aliyesimamia utafiti wako, mradi kanuni zinaruhusu. Mpe kila mmoja vigezo vya tuzo, nakala ya wasifu wako, na aya fupi inayomkumbusha matukio mawili au matatu aliyoyashuhudia yeye mwenyewe, ili barua zisirudie jambo lile lile.

Insha ya maombi iandikwe mwisho, baada ya kumbukumbu kukusanywa. Chagua mada moja, kwa mfano lishe, uzazi au ustawi wa wanyama, kisha ifuate kutoka darasani hadi zizini na hadi kazi unayokusudia kuifanya baada ya chuo, badala ya kupitia miaka minne muhula kwa muhula. Ikiwa kuna mahojiano, jiandae kueleza kosa ulilolifanya kazini, kama vile kukosea kipimo cha chakula au kuchelewa kutambua jike lililo kwenye joto, yaani lililo tayari kupandwa, na hatua ulizochukua siku iliyofuata. Kabla ya kutuma, linganisha kila tarehe na namba iliyomo katika fomu, wasifu na insha, kwa maana wajumbe huzisoma hati hizo tatu zikiwa zimelazwa pamoja mezani.