Ibada kwa mgonjwa aliye nyumbani: simu ya kawaida, si video

Kwa wanaouguza mtu nyumbani huku Mbeya na Iringa, hasa vijijini ambako intaneti hukatakata: Jumapili msihangaike na video. Mwombeni mwanajumuiya mmoja ajiunge bando la dakika, apige simu ya kawaida mahubiri yanapoanza, kisha ailaze simu karibu na mimbari juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kwenye meza tupu, kila anayeigusa meza husikika kama radi. Isikae mbele ya spika. Sauti kubwa hupasuka na mgonjwa ataambulia mikwaruzo tu. Kwaya ni habari nyingine. Simu huchuja makelele, na kinanda huhesabiwa humo humo, kwa hiyo wimbo unakatika katikati ya neno. Nyimbo zirekodiwe kwa sauti ya WhatsApp (shikilia alama ya maiki, sukuma juu hadi kwenye kufuli) zitumwe baada ya ibada. Njia hii hushindwa mvua ikipiga bati, na kuanzia Novemba hadi Aprili si ajabu. Siku hiyo mzee wa kanisa apige jioni, asome somo la Jumapili na kuomba. Dakika 10 zinatosha, mgonjwa huchoka upesi. Meza ya Bwana haipiti kwenye simu: mpeni taarifa mzee wa kanisa mapema, mchungaji aje nayo nyumbani. Kama mgonjwa anameza kwa shida, mwambieni mchungaji kabla hajafika.