Kurekebisha vitufe vya programu ya zamani ya Windows bila msimbo wake asilia

Si ajabu kukuta duka la pembejeo karibu na soko la Kibuye, Kisumu, likitunza hesabu za mbegu na mbolea kwa programu ya Windows iliyonunuliwa zamani, ambayo aliyeiuza hapokei simu tena na ambayo msimbo wake hauko mikononi mwa mtu yeyote dukani. Hesabu zake ni sahihi. Kinachosumbua ni dirisha la mauzo, ambamo kitufe cha Delete kimebanana na kile cha Save, na mwezi wa Machi, foleni ya wanunuzi wa mbegu za mahindi inapofika mlangoni, karani hubofya kisichofaa. Kasoro ya namna hii hurekebishika, mradi mrekebishaji ajue anachoweza kugusa na asichopaswa kuthubutu kukigusa.

Anza na ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa, kwa hiyo soma mkataba wa leseni, na pale unapokataza marekebisho, tafuta idhini ya maandishi ya mwenye programu.

Kisha hakikisha kwamba programu yenyewe ni ya aina inayokubali kazi hii. Programu za Windows zilizoandikwa kwa C au C++ kwa mtindo wa zamani huhifadhi madirisha, menyu na maneno yake ndani ya faili la .exe au .dll, katika sehemu iitwayo rasilimali, ambayo hufunguka kwa zana ya bure ya Resource Hacker iliyotengenezwa na Angus Johnson. Ukifungua faili na kuona folda ya Dialog, endelea. Usipoiona, huenda programu ilijengwa kwa Java, .NET au Qt, na njia hii haitakufaa. Au huenda faili limebanwa kwa UPX, zana ya kupunguza ukubwa wa mafaili ya programu, nalo hufumuliwa kwa amri ya upx -d.

Nakili folda nzima ya programu mahali pengine, ufanye kazi kwenye nakala hiyo tu. Chunguza pia nakala inasoma hifadhidata ipi, kwa maana baadhi ya programu huweka njia ya hifadhidata katika rejista ya Windows, yaani ghala lake la mipangilio, na mauzo yako ya majaribio yanaweza kuishia katika hesabu halisi za duka.

Ndani ya Dialog, kila kitufe ni mstari mmoja wa namna hii:

CONTROL "&Delete", 1004, BUTTON, BS_PUSHBUTTON | WS_CHILD | WS_VISIBLE | WS_TABSTOP, 120, 90, 50, 14

Namba nne za mwisho ni umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Hazihesabiwi kwa pikseli, bali kwa vipimo vinavyotokana na fonti ya dirisha: kipimo kimoja cha mlalo ni robo ya upana wa wastani wa herufi, na cha wima ni sehemu ya nane ya kimo chake. Ndiyo sababu kubadilisha fonti hubadilisha dirisha zima, jambo ambalo singemshauri mtu alifanye kwa ajili ya urembo tu. Kitufe kinaweza kuburutwa kwa kipanya katika dirisha la onyesho, ingawa kuandika tarakimu kwa mkono hupanga vitufe kwa unyoofu zaidi.

Namba 1004 usiiguse kamwe. Programu haikijui kitufe kwa maandishi yake wala kwa mahali kilipo, bali kwa namba hiyo, na ukiibadilisha, kitufe kitaonekana kizima huku hakifanyi kazi yake. Kwa sababu iyo hiyo, kitufe kipya utakachokiongeza kitabaki pambo, maana hakuna msimbo unaokingoja.

Mpangilio wa mistari nao una maana. Kitufe cha Tab kwenye kibodi humpitisha karani kwa kufuata mistari ilivyoandikwa, si ilivyo kwenye skrini. Ukitaka atoke kwenye bei aende moja kwa moja kwenye Save, uhamishe mstari wa Save uufuate wa bei, na wa Delete uupeleke mwisho. Vitufe vya kuchagua kimoja kati ya vingi viache pamoja, kwa kuwa WS_GROUP huyafungamanisha makundi yao kwa mpangilio huo huo.

Ukitaka kuficha kitufe, usifute mstari wake, kwani programu inaweza kukitafuta na kukwama. Ondoa WS_VISIBLE, neno linalokifanya kionekane. Iwapo programu itakirudisha yenyewe, kipeleke nje ya mipaka ya dirisha kwa kuongeza umbali wa kushoto, kisha uondoe WS_TABSTOP, inayokiruhusu kufikiwa kwa Tab, pamoja na alama ya & iliyo kwenye jina, la sivyo Alt na D vitaendelea kukibonyeza kikiwa hakionekani.

Maandishi ni kazi nyepesi: andika "&Hifadhi" au "&Futa", ukiongeza upana pale neno linapokatika na kuangalia kwamba vitufe viwili havigombei herufi moja. Katika orodha za maneno, alama kama %s na %d zibaki kwa idadi na mpangilio uliozikuta, kwa sababu programu hujaza majina na namba mahali hapo.

Bonyeza F5 ili kukompaili, uhifadhi faili, kisha ujaribu kila dirisha ulilogusa kwa kipanya na kwa kibodi. Faili lililokuwa na sahihi ya kidijitali litapoteza uhalali wake, na kingavirusi inaweza kulalamika. Faili jipya liwekwe kwenye kompyuta ya duka jioni, baada ya kufunga, kwa akaunti yenye haki za msimamizi, huku faili la awali likibaki kando kwa jina lingine. Mistari uliyoibadilisha uiandike katika faili la maandishi, kwa sababu toleo jipya likisakinishwa litafuta marekebisho yote, nayo yatahitaji kurudiwa katika faili la toleo hilo, wala si kwa kurudisha .exe ya zamani juu yake.