Barua kwa mwenye nyumba unayotaka kununua: unaandika nini na unaifikishaje

Umeona nyumba Njiro hapa Arusha, au Rau kule Moshi, umeipenda, alafu dalali anakwambia kuna watu wawili wameshafika bei na wewe pesa ya kuwazidi huna. Hapo ndo barua inaweza kukusaidia, ukurasa mmoja tu, na wengi hawaijaribu kwa sababu wakisikia barua wanawaza kuomba kazi au posa.

Sio kila muuzaji lakini. Mtu aliyejenga nyumba tatu Moshono ili aziuze usimpotezee karatasi, huyo anaangalia namba tu. Barua inamgusa mtu aliyeishi pale: mstaafu anayerudi kijijini, mama aliyefiwa na mume, ndugu waliorithi kwa baba yao. Hao pesa wanaitaka ndio, tena sana, ila pia watapita mbele ya ile nyumba miaka yote iliyobaki, au jirani atawapigia simu kuwaambia umeifanyia nini.

Kabla hujashika kalamu jua unamwandikia nani. Dalali atasema "nyumba ya mzee" na wewe ukaandika "Mzee wangu" peke yake, kumbe mama yupo na hakiuzwi kitu pale bila yeye kukubali, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na nimeona mama akiweka ngumu kwa sababu tu hakusalimiwa. Kama ni ya urithi ulizia nani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, barua iende kwake ila uitaje familia yote. Mjumbe wa nyumba kumi huwa anajua hizi habari kuliko dalali.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, ni kesi nyingine kabisa. Huko Kibosho au Marangu kuna makaburi ya ukoo na ukoo wenyewe una sauti, barua yako nzuri haitabadilisha kitu kama wazee hawajakaa wakakubali. Ila kama wanauza na kuna kaburi kwenye eneo, usilikwepe, andika wazi kwamba wataendelea kuja kulisafisha, alafu hilo hilo liingie kwenye mkataba, kwa sababu barua peke yake haitamlinda mtu siku mkikosana.

Sasa ndani unaandika nini. Watu wengi wanajaza sifa: nyumba nzuri sana, tumeipenda mno, tumeota kuishi hapo. Mwenye nyumba akisoma hivyo anaongeza milioni tano, na haki yake. Taja kitu kimoja au viwili ulivyoviona kwa macho, vile ambavyo yeye alivitolea jasho, na useme utavifanyia nini. Alafu sema utalipaje, hiki ndo kipande anachokirudia kusoma. Cash au mkopo wa benki, sema ukweli, kama ni mkopo mwambie mapema kwamba benki itataka hati na itachukua muda. Kiasi cha juu ulichonacho usikitaje hata kwa mafumbo.

Na habari za kabila na dini ziache. Marekani barua hizi zimezoeleka na zimeleta vurugu zake, sheria yao ya makazi ya 1968 inakataza kumbagua mnunuzi kwa rangi au dini, sasa barua ikijaa picha za familia na habari za kanisani muuzaji anajikuta anachagua kwa hayo hayo. Jimbo la Oregon likapitisha sheria ya kuzizuia 2021, mahakama ikaisimamisha mwaka uliofuata. Hapa kwetu kishawishi ni kuandika "na mimi ni wa Machame" au "tunasali usharika mmoja". Mimi nasema usiandike, kwanza sio haki kwa wenzako, pili hujui kama mzee ana kesi ya mpaka na hao hao wa Machame.

Mfano, wa nyumba ya Sakina:

"Mzee na Mama, shikamooni. Sisi ndio tuliokuja kuangalia nyumba Jumamosi, wale wenye mtoto aliyelala kwenye gari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwenzangu ana duka la dawa Kilombero. Tumekuwa wapangaji muda mrefu na tunatafuta pa kuhamia wenyewe.

Tuliona mparachichi nyuma ya jiko, hatuna mpango wa kuukata. Tuliona pia mfereji mliouchimba kupeleka maji ya mvua barabarani, tutauzibua kila mwaka kabla ya masika, maana kwa jirani tumeona alama ya maji ukutani.

Bei tunaendelea kuongea kupitia dalali na tunajua wapo wenye uwezo zaidi yetu. Fedha yetu ipo benki, tukishahakiki hati ofisi ya ardhi na tukikubaliana, tunalipa yote siku ya kusaini mbele ya wakili. Kama mnataka kubaki mpaka wajukuu wafunge shule Desemba, hatutawaharakisha. Asanteni kwa kutukaribisha."

Imeisha. Weka jina na namba ya simu. Andika kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka, kama ni wa daktari basi chapa, na herufi ziwe kubwa kidogo maana miwani ya mzee huwa haionekani pale inapotakiwa.

Kuifikisha ndo watu wanapoharibu. Mwambie dalali kwanza, tena mwonyeshe, kwa sababu akisikia umepitia mlango wa nyuma atajua unamruka kwenye kamisheni, na dalali aliyekasirika anaua dili mchana kweupe. Ila usimwachie yeye akabidhi, itakaa kwenye dashibodi ya gari mpaka ipauke. Nenda naye, salimia, kaa, kunywa chai ukiletewa, bahasha itoe mwishoni na usikae kumwangalia akisoma. Ndani ya bahasha usiweke hata shilingi, kishika uchumba, yaani malipo ya awali, hakitoki kabla hati haijahakikiwa, hata mzee awe mpole vipi.

Kwa Moshi, kama nyumba ni ya ndugu, ifike mapema Desemba, kabla ya Krismasi, maana Krismasi ndo wote wanakuwa nyumbani na mambo ya mali ya familia yanakaliwa kikao. Kabla hawajafika, wa Dar na wa nje watatumiwa picha ya barua kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo iandike ukijua watu kumi wataisoma. Ukinyamaziwa wiki nzima piga simu mara moja tu, usalimie, uulize kama iliwafikia wote, basi.

Na wewe ipige picha kabla hujaikabidhi. Siku ya kusaini mzee ataitoa mfukoni, aivae miwani, amuulize wakili ule mparachichi upo kifungu cha ngapi.