Kukokotoa mizunguko ya transfoma ya kulinganisha impidensi

Transfoma ya sauti iliyoandikwa omu 5000 kwa 8 haina omu 5000 ndani yake. Pima koili yake ya msingi (ya upande wa kuingilia) kwa mita: utasoma omu mia kadhaa tu, na huo ni ukinzani wa waya. Zile 5000 ni impidensi, yaani upinzani wa jumla kwa mkondo wa AC, nazo huonekana pale spika ya omu 8 inapofungwa upande wa upili (wa kutokea). Ukifunga ya omu 4, vali (taa ya elektroni ya kikuza sauti) iliyo upande wa msingi itaona 2500. Ukilishika hili, hesabu iliyobaki ni nyepesi.

Hatua ya 1: Gawa impidensi kubwa kwa ndogo. 5000 ÷ 8 = 625.

Hatua ya 2: Tafuta kipeuo cha pili cha 625. Ni 25, nao ndio uwiano wa mizunguko ya waya kati ya msingi na upili. Tafadhali usiiruke hatua hii. Kutoka msingi kwenda upili, volti hupungua mara 25, na papo hapo mkondo huongezeka mara 25. Impidensi ni volti kugawa kwa mkondo, hivyo mabadiliko hayo mawili huzidishana: 25 × 25.

Hatua ya 3: Amua idadi yenyewe. Hapa ndipo penye kazi. Mizunguko 50 kwa 2 na 2500 kwa 100 ina uwiano uleule, ila ya kwanza itaua besi. Induktansi (uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo) hukua kwa mraba wa mizunguko. Ikiwa haba, mkondo wa masafa ya chini hupita kwenye koili ya msingi bila kuifikia spika. Ili koili hiyo ipate omu 5000 kwenye hezi 50, inahitaji induktansi ya takribani henri 16. Usizidishe pia: waya mrefu huongeza ukinzani, na tabaka nyingi hudhoofisha sauti nyembamba. Kwenye masafa ya redio mizunguko michache hutosha. Antena ya omu 2450 huletwa kwenye 50 kwa mizunguko 14 na 2 juu ya pete ya feraiti (kauri ya sumaku).

Hatua ya 4: Hakiki. Transfoma ikiwa nje ya saketi, ingiza volti 1 ya AC upande wa upili. Msingi usome karibu 25. Usiingize volti nyingi, kwani 6 tu huzaa 150 upande wa pili, na hizo zinaweza kuua. Ukisoma 20, basi 20 × 20 × 8 ni omu 3200: ongeza mizunguko ya msingi kwa robo.