Wapi pa kujifunzia tairi moja ya umeme hapa Mwanza

Wakuu habari za saa hizi. Wiki hii nimesimamishwa na watu kama watatu njiani, wote swali moja, "kaka ulijifunzia wapi hako kadude?" Na mi naona ndo swali lenyewe hilo, maana tairi ukiwa na hela utaagiza na itafika, ila kiwanja cha kujifunzia hapa kwetu kwenye mawe na vilima ndo kazi. Nimezunguka sana mji huu kutafuta sehemu tambarare kwa hiyo naandika yote ninayoyajua, mtu asianzie pale nilipoanzia mimi.

Kwa ambao hawajaiona, ni tairi moja tu, mota iko humo humo katikati ya tairi, pembeni kuna pedeli mbili za kukanyagia, haina usukani haina siti (zipo zenye siti ila kwa kuanzia sahau). Ndani kuna sensa zinazosoma umeinama kiasi gani, ukiegemea mbele inakwenda ukiegemea nyuma inapunguza na kusimama. Zilianza kujulikana na tairi iliyoitwa Solowheel, ya mbunifu Shane Chen kule Marekani mwaka 2011, sa hivi nyingi zinatoka China, akina InMotion, KingSong, Begode. Kitu cha kushika sasa ni hiki: mbele na nyuma tairi inajibalansi yenyewe, kushoto na kulia unabalansi wewe, kama baiskeli. Ndo maana mtu anayeanza anayumba upande upande na anahitaji upana, hahitaji urefu tu.

Kwa hiyo kiwanja kizuri cha siku ya kwanza kikoje. Chini pawe simenti au lami au vitofali vilivyokaa vizuri, pasiwe na mchanga juu, maana mchanga kidogo tu juu ya simenti unateleza kuliko tope. Ukubwa hatua 30 kwa 15 zinatosha kabisa. Upande mmoja pawe na kitu cha kushika kinachofika kiunoni au kifuani, ukuta, reli ya chuma, uzio wa waya. Sio michongoma jamani, na sio ukuta wenye misumari. Alafu pasiwe na mtaro ulio wazi karibu. Hili la mtaro nalisema kwa uchungu, siku yangu ya kwanza nilienda kwenye yadi moja naona kwa macho iko sawa kabisa, nikapanda, nikayumba, nikaruka chini salama, tairi ikaendelea yenyewe taratibuuu kuelekea kwenye mtaro mi naikimbilia, ikaingia. Kava la pembeni likapasuka na taa ya mbele ikafa hapo hapo, kabla hata sijajua kuendesha.

Tangu siku ile napima kwanza. Nachukua chupa ya maji ya nusu lita, haijajaa sana, naiweka chini kwa ubavu, naiachia. Ikibaki hapo hapo pako sawa, ikianza kubingirika yenyewe nahama, nageuza upande mwingine napima tena. Macho yanadanganya sana Mwanza, umezoea kukaa kwenye mteremko mpaka mteremko unauona tambarare.

Sasa sehemu zenyewe. Usianze kufikiria viwanja vikubwa vyenye majina. Furahisha ni pana kweli, lakini ni uwanja wa mikutano na mahubiri, siku zenye watu hupaswi hata kukaribia, na siku zisizo na watu kuna wanaocheza mpira. Nyamagana ni nyasi bandia na ni ya mpira, achana nayo. Paking ya Rock City Mall inavutia kwa macho ila ni mali ya watu na ina magari yanayorudi nyuma bila kukuona, kama huna ruhusa usijaribu, na hata ukiwa nayo nenda kabla maduka hayajafunguliwa.

Zinazofaa kweli ni zile ndogo ambazo hakuna anayezifikiria. Kiwanja cha basketi au netiboli cha shule wikendi, kile cha simenti. Godauni tupu. Sheli iliyofungwa ambayo ina sakafu nzuri (angalia oili tu). Na za kwangu mimi nambari moja ni viwanja vya makanisa, na hapa kuna hesabu nzuri sana: kanisa la Wasabato Jumamosi limejaa ila Jumapili uwanja uko wazi, na makanisa ya Jumapili yana nafasi Jumamosi asubuhi. Ukiwa na ruhusa sehemu mbili umepata wikendi nzima bila kumsumbua mtu.

Ruhusa yenyewe usiombe kwa simu wala usiingie umeshaibeba tairi, mlinzi akiiona kwanza anasema hapana kabla hujafungua mdomo. Nenda mikono mitupu siku moja kabla, salimia vizuri, mzee shikamoo, kama ni mama wa makamo anayefagia pale mwambie "mwangaluka mayu" uone anavyocheka, eleza unataka nusu saa, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba ukivunja kitu unalipa. Alafu siku yenyewe ondoka muda ule ule uliosema. Mzee mmoja mlinzi alinipa dakika 30 za majaribio, nilipozimaliza bila kuongeza hata moja akaniambia nije kila Jumamosi.

Muda ni muhimu sawa na sehemu. Sisi jua linachelewa kuliko Dar, saa 12 na nusu asubuhi ndo unaanza kuona chini vizuri, kwa hiyo saa 1 mpaka saa 3 asubuhi ndo dhahabu. Upepo kutoka ziwani bado haujaamka, simenti haijachemka, watoto hawajajaa. Mchana ziwa linaanza kusukuma upepo kuja nchi kavu na mtu ambaye bado anayumba upepo ule anausikia. Jioni pazuri kwa macho lakini ndo watu wote wako nje. Watoto watakuja tu, usiwafukuze kwa ukali, mwambie mkubwa wao awapange upande mmoja nyuma ya ukuta au nyuma ya benchi, ukimaliza waonyeshe inavyowaka taa. Ila usimpandishe mtoto wa mtu, ina uzito na inaweza kumvunja mguu. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, subiri sakafu ikauke kabisa, na usipite kwenye dimbwi, nyingi hazipendi maji hata kama tangazo limesema vingine.

Ukishapata sehemu, vaa helmeti, gadi za viganja na za magoti. Viganja hasa, ukianguka mikono ndo inatangulia. Funga kamba kwenye mpini wa juu uishike, ili ukiruka tairi isiende peke yake (mnajua kwa nini nasisitiza). Simama pembeni ya ukuta, mguu mmoja kwenye pedeli, shavu la mguu libane tairi, kanyaga chini mguu mwingine ujisukume kama mtoto na skuta, zunguka hivyo hivyo mpaka tairi uizoee. Ndo upandishe wa pili huku umeshika ukuta. Magoti yalegee kidogo, macho yaangalie mwisho wa uwanja, usitazame miguu. Na usiende polepole sana, mwendo wa kutambaa ndo unaoyumbisha zaidi, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu unatulia. Dakika 20 au 30 kwa siku basi, nyayo zitauma, pumzika, kesho yake utashangaa mwili umejifunza ukiwa umelala.

Ukiweza kwenda moja kwa moja, kugeuka pande zote mbili na kusimama pale unapotaka, sio unapoangukia, hapo tafuta njia ndefu. Capri Point asubuhi ya Jumapili mi naipenda, magari machache, ziwa liko pembeni. Kuna vilima vidogo ila ndo shule yenyewe. Barabara ya Nyerere, Makongoro, Kenyatta, hizo usiguse, daladala zinasimama ghafla na bodaboda wanapita kushoto na kulia.

Kuhusu milima, hapa naomba msome taratibu. Ukishuka mlima mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri, na ndo breki yako hiyo. Sasa betri ikiwa imejaa asilimia 100 ule umeme hauna pa kwenda, tairi inaanza kulia na pedeli zinainuka mbele kukusimamisha, ukilazimisha inaweza kuzima na wewe uko kwenye mteremko. Mtu wa Bugando au Isamilo anachaji usiku kucha, asubuhi kitu cha kwanza anashuka mjini. Ndo hatari yenyewe. Chomoa kwenye 80 hivi, na ile siku unataka kuijaza kabisa ijaze ukiwa unaanzia sehemu tambarare. Kupanda nako usipande na betri iliyobaki kidogo, mlima unavuta umeme mwingi kwa mara moja na betri dhaifu haitoi, tairi inainama mbele unaenda na uso. Mi ikifika 30 nashuka natembea.

Ukizoea kabisa ndo uende ufukweni upande wa Igombe. Vaa miwani, sio ya urembo, kuna siku wale wadudu wa ziwani wanatoka kama moshi na ukiwa kwenye mwendo wanaingia machoni na mdomoni. Mchanga mlaini tairi inazama, baki kwenye njia iliyokanyagwa. Na ukikuta dagaa wameanikwa, zima tairi, ibebe mkononi upite kwa miguu pembeni ya nyavu, salimia wanaoanua, ndo upande tena mbele huko.